Kutafuta fedha na kuandaa matukio katika kituo cha sanaa kando ya bahari: ni taaluma ya kuishi nayo, au ni kuombaomba kwa barua rasmi?

#1 Mwana wa Gengeni
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 31, nina stashahada ya uhusiano wa umma, na kwa miaka sita nimekuwa katika idara ya karamu na mikutano ya hoteli moja ya kaskazini Unguja. Wiki iliyopita nilipokea barua ya ajira kutoka kituo kimoja cha sanaa kilichopo ukingoni mwa bahari, ambacho sitakitaja, kwa cheo cha Ofisa Uchangishaji Fedha na Matukio. Mshahara wake umepungua laki mbili kwa huu ninaoupata sasa, mkataba ni wa miaka miwili, na kifungu cha saba kinasema kwamba mwaka wa pili "utategemea upatikanaji wa fedha". Nilimwuliza aliyenisaili ni nani atakayezipata fedha hizo. Akatabasamu, akaniambia: "Hiyo ndiyo kazi yako."

Baba yangu mdogo anasema kwamba hiyo si kazi bali ni kuombaomba kwa barua yenye mhuri. Mimi ninaipenda sanaa, nimekulia karibu na vikundi vya taarabu, na hoteli imenichosha. Lakini kuna jambo linalonisumbua: kila nyumba ya sanaa ninayoijua katika pwani hii ina mandhari mazuri, ina wageni, ina sifa hadi ng'ambo, na haina fedha. Kwa nini? Na je, yupo aliyeifanya kazi hii akazeeka nayo?

#2 Kisiki cha Mpingo
Mkuu, bakia hotelini. Mgeni wa hoteli akishakula hulipa siku hiyohiyo, ilhali mfadhili akishakula huomba ripoti.

#3 Binti Mizingani
Nimecheka, Kisiki, lakini hujakosea sana. Nimefanya kazi hii kwa miaka minane katika taasisi mbili, kwa hiyo nitamjibu mwenye uzi kwa urefu kidogo.

Kwanza, tutenganishe maneno, kwa sababu mkanganyiko wa maneno huleta mkanganyiko wa bajeti. Mfadhili hutoa ruzuku kwa ajili ya mradi wenye malengo yake. Mdhamini hutoa fedha au huduma ili nembo yake ionekane jukwaani. Mchangiaji hutoa kwa kuwa amekipenda kituo. Ofisa anayemwendea mdhamini kwa lugha ya huruma hufukuzwa kwa adabu, na anayemwendea mfadhili kwa lugha ya matangazo huambiwa kwamba andiko lake halikukidhi vigezo. Kazi yenyewe, kinyume na watu wanavyodhani, si kusimama na kinywaji mkononi ukipokea wageni. Sehemu kubwa ni kuandika: andiko la mradi, ripoti ya robo mwaka, barua ya shukrani, halafu kuandika upya ripoti ileile kwa jedwali la mfadhili mwingine.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka fulani tulifanya warsha ya ngoma kwa vijana, na chakula kikapikwa na akina mama wa mtaani. Samaki alinunuliwa mnadani alfajiri, mkaa ukanunuliwa kwa polo, nazi zikatoka kwa mtu mwenye baiskeli. Miezi minne baadaye mkaguzi alitaka risiti ya kila kitu, ikiwemo ya nazi. Nilimtafuta mwenye baiskeli kwa siku mbili ili aniwekee dole gumba kwenye karatasi, na nilipompata akaniuliza kama anashitakiwa.

Pili, jibu langu kuhusu kukosekana kwa fedha ni kwamba fedha zipo, ila zimekuja na jina la kitu kingine. Mfadhili hulipa warsha lakini halipi mlinzi. Hulipa safari ya mwanamuziki lakini halipi bili ya umeme ya mwezi ambao hakuna mradi. Ndiyo maana Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja lililoanza mwaka 2003 na ambalo kila mtu analijua, halikufanyika mwaka 2015, na ndiyo maana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kufundisha ala za udi na kanuni kwa miaka mingi katika jengo la Forodha Kongwe pale Mizingani, kilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba kinaweza kufungwa. Wapenzi wa muziki hawakuwa wamepungua. Kilichopungua ni fedha za kufungulia mlango asubuhi.

#4 Mhasibu Mstaafu
Bi Mizingani, ninakubaliana na hoja yako lakini miaka yako inahitaji marekebisho. Taasisi inayoandaa Sauti za Busara iliundwa 2003, tamasha la kwanza likafanyika Februari 2004. Na mwaka ambao tamasha halikufanyika kwa upungufu wa fedha ni 2016, si 2015. Nasema hivyo kwa sababu wanaotaka kuonyesha kwamba wafadhili "walikimbia siasa" hupenda kuusogeza mwaka huo huku na kule kadiri hoja yao inavyotaka.

#5 Binti Mizingani
Asante, Mzee. Nimesahihishwa.

#6 Chokaa na Boriti
Naona mnazungumzia fedha zinazoingia tu. Mimi ni fundi wa majumba ya kale, na nasema kwamba fedha za kituo cha sanaa cha pwani huliwa na bahari.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni jiwe la matumbawe, chokaa na udongo, na juu yake zimelala boriti za mikoko. Upepo huleta chumvi, chumvi huingia ukutani, mvua za masika huiyeyusha, jua la kaskazi huikausha, nayo inapokauka huvimba na kubandua lipu. Ukuta wa namna hii hupumua kwa chokaa. Sasa kituo kinapopata fedha kidogo za matengenezo, fundi wa bei nafuu huja na saruji, kwa kuwa saruji hukauka upesi na hafla ni wiki ijayo. Saruji hufungia unyevu ndani, na baada ya miaka michache boriti huoza pale ilipoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Nimewahi kutia bisibisi katika kichwa cha boriti iliyopakwa rangi nzuri, ikazama hadi kwenye mpini.

Jumba la Beit al Ajaib la Mji Mkongwe lilijengwa mwaka 1883, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kila mwenye jengo la kale katika ufuo ule anajua kwamba hatari ile haikuwa ya jengo moja. Kwa hiyo, Mwana wa Gengeni, kabla ya kuuliza mshahara, panda juu ukatazame paa. Ofisa uchangishaji wa kituo chenye paa bovu huchangishia paa maisha yake yote.

#7 Mpita Njia 77
Hoja ya paa ni nzuri, lakini Ngome Kongwe ya Unguja imejengwa na Wareno na bado imesimama, na matamasha hufanyika humohumo kila mwaka. Kwa maoni yangu tatizo ni tiketi. Mwenyeji hataki kulipa. Amezoea kuingia kwa jina la binamu yake anayefanya kazi getini.

#8 Chokaa na Boriti
Si Wareno. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwaondoa Wareno, na palikuwa na kanisa la Wareno mahali pale. Bila shaka umeichanganya na Fort Jesus ya Mombasa, ambayo kweli ni ya Wareno na ilijengwa kati ya 1593 na 1596. Kuhusu kusimama kwake, muulize anayegharimia kuisimamisha.

#9 Mama Nakshi
Assalaam alaykum. Mpita Njia, mwanangu, hilo la kwamba mwenyeji halipi silikubali hata kidogo, na nitakueleza nililoliona kwa macho yangu.

Mimi nimeimba kiitikio katika kikundi cha taarabu tangu nikiwa msichana. Katika taarabu hatukuwahi kuwa na ofisa uchangishaji. Mwimbaji akifika kwenye beti linalomgusa mtu, mtu huyo huinuka kitini, hutembea polepole ili wote wamwone, akamtunza. Wengine hutunza kwa sababu wimbo umewafurahisha, na wengine kwa sababu beti limemlenga jirani yao na wanataka jirani ajue. Noti huwekwa mkononi, kwenye nywele, kwenye kifua cha nguo. Mwisho wa usiku mweka hazina anakunjua noti zilizolowa jasho na marashi, anazihesabu mbele yetu, anatoa za nauli, anatoa za nyuzi za fidla, zilizobaki zinaingia chamani. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Mnadhani miaka yote hiyo kilikuwa kikiandika maandiko ya miradi?

Na tazameni harusi. Mtu asiye na fedha za tiketi ya elfu tano hukatwa mchango wa laki moja na kamati ya harusi, naye hulipa, na akichelewa huaibika. Fedha zipo, na moyo wa kutoa upo. Ila mtu hutoa pale anapoonekana, na pale anapojua kwamba kesho naye atachangiwa. Kituo cha sanaa hakijawahi kuja kwenye msiba wangu.

#10 Mhasibu Mstaafu
Sentensi yako ya mwisho, Bi Nakshi, ingestahili kubandikwa kwenye kila ofisi ya uchangishaji. Hata hivyo, niruhusu nikupinge kwa heshima. Kutunza hulipa wimbo wa usiku ule. Sijawahi kuona mtu akiinuka kitini, akatembea polepole mbele ya watu, na kutunza bomba la maji taka.

#11 Mama Nakshi
Mlitungie beti bomba hilo, Mzee, ndipo mtaona.

#12 Mtoro wa Bristol
Salamu kutoka Uingereza. Nilifanya kazi kwa miaka mitano katika idara ya uchangishaji ya kituo cha sanaa kilichopo bandarini, katika ghala la zamani. Huku hii ni taaluma kamili yenye ngazi zake, kuanzia msaidizi anayeingiza majina kwenye kompyuta hadi mkurugenzi anayekula chakula cha mchana na matajiri. Mgawanyo wa kazi ni mkali. Anayeshughulikia wanachama hashughulikii makampuni, na anayeshughulikia wasia wa marehemu hashughulikii chochote kingine. Kuna wazee ambao huandika katika wosia kwamba sehemu ya nyumba zao iende kwenye ukumbi wa muziki waliochumbiana humo.

Lakini nyuma ya yote hayo kuna sheria. Kwa utaratibu wa Gift Aid, mlipa kodi akitoa pauni moja kwa taasisi ya hisani, serikali huongeza senti 25 kutoka katika kodi aliyokwisha kulipa. Sisi tulikuwa na fomu hizo hadi kwenye meza ya chai. Hapo ndipo nilipoona tofauti: huku serikali inamsukuma mtu atoe, na huko nyumbani mtoaji hana anachorudishiwa.

Na msidhani kwamba wenzetu hawana aibu ya fedha. Jumba la Opera la Sydney, ambalo limesimama ukingoni mwa maji na ambalo kila kituo cha pwani duniani hujifananisha nalo, lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa mwaka 1973 likiwa limegharimu milioni 102, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na bahati nasibu.

#13 Kisiki cha Mpingo
Basi tumepata ufumbuzi. Mwana wa Gengeni aende kwa masheikh wa Unguja akawaombe kibali cha bahati nasibu ya kujengea ukumbi wa muziki. Nitamsindikiza mpaka kona.

#14 Mhasibu Mstaafu
Kisiki, tuliza mzaha kidogo, kwa sababu Mtoro amegusa jambo muhimu na amelikosea nusu. Si kweli kwamba mtoaji wa Tanzania hana anachorudishiwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa michango kwa taasisi za hisani katika mapato yake kabla ya kukokotoa kodi, ila michango hiyo isizidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Na kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata kampuni iliyopo Unguja inahusika.

Ugumu uko sehemu mbili. Taasisi inayopokea lazima iwe imekubaliwa na Mamlaka ya Mapato kuwa ya hisani, na kusajiliwa kama asasi isiyo ya kiserikali pekee hakutoshi. Vituo vingi vya sanaa havijui hilo, au vinajua na vinaogopa kuchunguzwa. Pili, makampuni mengi huitoa fedha hiyo kama gharama ya matangazo, kwa sababu matangazo hayana ukomo huo wa asilimia 2. Ndiyo maana mdhamini anataka bango kubwa kuliko jukwaa. Ofisa anayezielewa kurasa hizo chache za sheria ana thamani kuliko ofisa mwenye Kiingereza kizuri, na hilo nalisema kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza kwa miaka 27.

#15 Mtoro wa Bristol
Nashukuru kwa kunielimisha. Nikiri kwamba sikulijua hilo la asilimia 2.

#16 Mwanachuo wa Vikokotoni
Nimesoma hadi hapa na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja wakfu. Babu zetu walikuwa na njia ya kulitunza jengo bila kuomba: unaweka duka au shamba la minazi wakfu, na mapato yake yanatengeneza msikiti au kisima milele. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, na ipo Kamisheni inayozisimamia. Kituo cha sanaa kikipata maduka matatu ya kupangisha, kitakuwa kimepona.

Ninajua pingamizi litakalokuja, kwamba wakfu wa muziki hautakubalika. Lakini mafunzo ya ufundi wa nakshi za milango, ya hati za Kiarabu na ya ujenzi wa majahazi nayo ni sanaa, na sioni mwanachuoni atakayeyakataa.

#17 Chokaa na Boriti
Wazo ni jema, ndugu yangu, lakini nyumba nyingi za wakfu ninazoitwa kuzitengeneza zinavuja kuliko hivyo vituo vya sanaa. Kodi ya pango imepangwa zamani, mpangaji amerithi upangaji kwa bibi yake, na hakuna anayeongeza shilingi.

#18 Fundi Mitambo
Wengi mmeongelea uchangishaji, mkasahau nusu ya pili ya cheo chake, yaani matukio. Mimi ni mtu wa spika na taa. Kando ya bahari kila tukio hugharimu zaidi kuliko bara, na wafadhili hawalielewi hilo kwa kuwa wao huandika bajeti ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Chumvi inakula viunganishi vya nyaya ndani ya msimu mmoja. Upepo ukivuma kutoka upande wa watazamaji, sauti inawafikia wavuvi baharini kabla ya watu wa safu ya nyuma. Maikrofoni isiyovikwa sifongo inanguruma kama ngalawa yenye mashine.

Na umeme ni kisa kingine. Wakubwa wanakumbuka kwamba tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikuwa gizani kwa hitilafu ya njia ya umeme itokayo Bara. Sauti za Busara ya Februari 2010 ilifanyika hivyohivyo, kwa jenereta. Katika mwaka kama huo, bajeti ya dizeli inakuwa mwanamuziki wako wa bei kubwa kuliko wote, na hapigi hata ala moja.

Kuhusu vibali, ndugu yangu Mwana wa Gengeni, upande wa Zanzibar utakwenda Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, upande wa Bara utakwenda BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kibali cha mmoja hakimtoshi mwingine. Weka pia mwezi mwandamo mezani pako. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Tamasha la filamu la ZIFF, lililozoeleka kufanyika Julai, lililazimika kusogezwa Ramadhani ilipofika huko. Mwaka 2014 lilifanyika Juni. Sasa Ramadhani imeingia Februari, na zamu imewafikia wa Februari. Anayepanga kalenda ya miaka mitatu bila kulitazama hilo atawarudishia wadhamini fedha zao.

#19 Nahodha wa Kisiwani
Fundi amesema mwezi, nami niongeze habari ya maji. Hoteli moja, si lazima niitaje, iliandaa karamu ya kuchangia shule ya sanaa, ikapanga meza thelathini ufukweni. Walizipanga saa tano asubuhi, maji yakiwa yamekupwa mbali hata mtu angeweza kucheza mpira. Mimi nilikuwa nimekodiwa kuleta wageni kwa mashua. Nilimwambia kijana aliyekuwa akisimamia: "Leo ni bamvua, vitambaa hivi vitalowa." Akaniambia kwamba ametazama hali ya hewa kwenye simu na hakuna mvua.

Bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, katika pwani yetu hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Wageni walifika saa kumi na moja kasorobo. Meza za mbele zilikuwa zimesimama majini, vitambaa vyeupe vinaelea kama samaki chewa, na mfadhili mkuu, mama wa Kizungu mwenye heshima zake, alikuwa amevua viatu akiokota kadi za majina ya wageni kutoka kwenye mawimbi. Baadaye alichangia, lakini alichangia viti.

#20 Kisiki cha Mpingo
Nahodha, hii umeitia chumvi.

#21 Nahodha wa Kisiwani
Chumvi ilikuwemo tayari.

#22 Mzee wa Dunda
Mnazungumza kana kwamba vituo vya pwani viko Unguja peke yake. Sisi wa Bagamoyo tunayo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kufanywa wakala wa serikali mwaka 2007. Tamasha lake limekuwepo tangu miaka ya themanini, na ukumbi wa zamani uliungua mwaka 2002 hadi ukajengwa mwingine. Mwalimu wa pale hulipwa na serikali, kwa hiyo hapati usingizi wa mang'amung'amu kila mradi unapoisha. Nadhani tatizo la vituo vyenu ni kwamba haviko mikononi mwa serikali.

#23 Binti Mizingani
Mzee wangu, mshahara wa mwalimu si tamasha. Hata taasisi ya serikali, ikitaka kuleta vikundi kutoka nchi jirani, hubisha hodi kwenye milango ileile ya balozi na kampuni za simu tunayobisha sisi, na tunapokutana kwenye korido hizo tunasalimiana kama wagonjwa wa daktari mmoja. Tofauti ni kwamba mwenzetu akikosa, Januari analipwa. Hapo ninakubali kwamba ana nafuu.

#24 Mwana wa Langoni
Kutoka Lamu, salamu. Kwetu tamasha la utamaduni lina mashindano ya majahazi na ya punda, na nimegundua kwamba wanaochangia kwa moyo ni wenye majahazi yanayoshindana. Tajiri asiyetoa hata shilingi kwa ushairi hununua tanga jipya kwa ajili ya heshima ya mtaa wake. Harambee tunaijua, lakini harambee za Kenya zimeshikwa na wanasiasa, na ukimwalika mmoja kwenye hafla ya sanaa atatoa bahasha mbele ya kamera na kukuachia wapinzani wake mpaka uchaguzi upite. Kwa hiyo Bi Nakshi yuko sahihi kwamba watu hutoa wakionekana, ila tahadhari ni nani anayeonekana.

#25 Mpita Njia 77
Nimekubali kosa langu la Ngome, lakini la tiketi sijashindwa. Kama mgeni analipa bei yake na mwenyeji bei yake ya chini, na bado mwenyeji anapita kwa binamu, nani atakifanya kituo kijitegemee? Na wenye hoteli je, wanaojaza vyumba wiki ya tamasha? Na wauza urojo na mishikaki wa Forodhani, wanaouza usiku mmoja kwa mauzo ya wiki? Kila mtu anavuna, na kituo ndicho kinacholima.

#26 Mama Nakshi
Muuza urojo mwache. Huyo ndiye aliyewalisha wapiga ngoma mkopo mlipochelewa kuwalipa.

#27 Binti Mizingani
Narudi kwa swali la pili la mwenye uzi, kama yupo aliyezeeka na kazi hii, maana tumelikwepa. Wengi niliowajua hawakuzeeka nayo katika kiti kimoja. Mmoja alihamia ubalozini na sasa ndiye anayesoma maandiko yetu na kuyakataa. Mwingine ameanzisha kampuni ya kuandaa mikutano na harusi, na anaishi vizuri kutushinda sote. Wawili wako kwenye mashirika ya afya, kwa sababu anayejua kuandika ripoti ya ngoma anaweza kuandika ripoti ya chandarua. Aliyebaki ni mimi, na sababu yangu haina hesabu. Usiku wa mwisho wa tamasha, watu wakishaondoka, huwa ninakaa juu ya ngazi za mawe peke yangu, nikasikia maji yakipiga ukuta, na vijana wakivua nyaya huku mmoja wao akipiga udi wa mtu mwingine bila ruhusa. Sijui hilo liingie kwenye safu gani ya jedwali.

Lakini usisaini kifungu cha saba kilivyo. Uliza mambo haya: mshahara wako umeandikwa kwenye bajeti ya mradi gani na mradi huo unaisha lini, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili zikoje, na wajumbe wa bodi wao wenyewe wamechangia kiasi gani. Swali la mwisho ndilo litakalowanyamazisha.

#28 Mhasibu Mstaafu
Naunga mkono, hasa hilo la bodi. Uliza pia kama wanakulipa kamisheni kwa kila fedha utakayoleta. Wakisema ndiyo, ondoka. Wafadhili wengi hawalikubali, na utakuwa umeajiriwa kama dalali wa viwanja.

#29 Mtoro wa Bristol
Hata huku kamisheni inaonekana kinyume cha maadili ya kazi hii.

#30 Mwana wa Gengeni
Nawashukuru nyote. Leo nilirudi pale na maswali ya Bi Mizingani kwenye karatasi. Hesabu zilizokaguliwa walinionyesha, za mwaka mmoja. Za mwaka wa pili "ziko kwa mkaguzi". Mshahara wangu umo kwenye mradi unaoisha baada ya miezi kumi na minne, si ishirini na minne. Kuhusu wajumbe wa bodi, mkurugenzi alitazama dirishani kwa muda, akaniambia kwamba mmoja aliwahi kutoa friji. Nilipanda juu pia, kama alivyoshauri Chokaa na Boriti. Vichwa viwili vya boriti vimefungwa kwa bati na kupakwa rangi, na sikuwa na bisibisi.

Baba yangu mdogo nimemsomea uzi huu. Alicheka kwa kisa cha meza, kisha akasema kwamba msimamo wake ni uleule. Wameniomba jibu Jumatatu. Na wamenipa kazi ya majaribio: niandike mpango wa hafla yao ya kuchangia paa.

#31 Nahodha wa Kisiwani
Hafla hiyo wameipanga lini na wapi?

#32 Mwana wa Gengeni
Ufukweni mbele ya kituo, saa kumi na moja jioni, siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Wanataka wageni waone mwezi mpevu ukitoka.

#33 Nahodha wa Kisiwani
Basi ichukue kazi hiyo, mwanangu, maana wanakuhitaji kweli. Na meza zipandishe juu kwenye baraza.

#34 Chokaa na Boriti
Barazani wasizidi watu arubaini, mpaka nije na bisibisi.